Fundi Mizani na Bilauri Mbili

Ukifika Kivinje ukaulizia jina langu nililopewa na baba, watu watakutazama tu. Ulizia Bwana Mkojo, utaletwa mpaka mlangoni, na mwenye kukuleta atakuwa anacheka njia nzima. Jina hilo nililipata ndani ya boma, mbele ya Mdachi mkubwa na askari wake wote, na sijaona njia ya kulisimulia nikabaki na heshima yangu. Nimejaribu kuanzia katikati. Nimejaribu kumsingizia mtu mwingine. Haiwi. Na huyu ninayetaka kumsimulia hakupenda habari iliyopakwa rangi, basi acha mimi nionekane mjinga, maadamu yeye aonekane alivyokuwa.

Tulimwita Fundi Mizani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za wafanyabiashara wa sandarusi, nta na mpira. Mizani ikianza kusema uongo, inaletwa kwake barazani, anaiponya. Usifikiri nakusimulia mzee mnyenyekevu. Alikuwa na maringo kuliko jogoo. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho, na kilemba chake cha hariri chenye mistari myekundu alisema kimetoka Maskati. Mkewe alisema kimetoka duka la Mhindi pale kona. Walibishana habari hiyo mbele ya wageni miaka yote niliyowajua, na kila mmoja alikuwa na shahidi wake.

Kabla ya kupima kitu, aliisalimu mizani. Kweli kabisa: "Salaam aleikum," kisha anangoja kidogo, kama kwamba itajibu. Sisi watoto tulicheka mpaka siku aliyotuambia kwamba anangoja itulie, na salamu ni ya kumzuia yeye mwenyewe asiwe na haraka. Nyumbani kwake neno "nadhani" lilikuwa kama tusi. Ukilitamka, anaziba masikio. "Unachodhani kaa nacho," anasema. "Niambie ulichokiona." Na ukishamwambia ulichokiona, ukajiona sasa umemaliza, anasema maneno mawili ambayo hata kasuku wa jirani yake aliyajua: "Onyesha tena."

Wakati ule Kivinje ilikuwa imejaa vyama vya ngoma. Mtaa huu na mtaa ule, kila upande na masultani wake, mawaziri wake, wanashindana kwa nguo na kwa pilau. Sisi watoto tuliiga. Tulipiga madebe, tukapeana vyeo, tukapigana. Siku moja Fundi akatoka barazani, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema ngoma yetu nzuri, ila hajaelewa tunashindana nini. Nani ana kelele zaidi? Mimi nikamjibu ndiyo, na kwamba nimeshinda. Akasema basi bingwa aingie ndani, na wenzake wote. Ndivyo kilivyoanza Chama cha Mbona.

Sheria zake zilikuwa chache. Uje na mbona yako, swali ulilolikuta mwenyewe, si la kuambiwa. Ulifuatilie kwa macho na mikono. Ulilolipata ulionyeshe mbele ya wote, kisha ulionyeshe tena na tena, mpaka mara ya tatu. Halafu, Mfunguo Mosi, baada ya Idi, aliyeshinda anapewa tuzo.

Tuzo yenyewe sasa. Fundi alivua kilemba chake kile cha Maskati, au cha kona, akakufunga wewe kichwani kwa mikono yake. Ukabebwa mabegani, ngoma mbele, mtaa mzima. Ukapewa cheo, na mpaka magharibi hakuna mtu aliyeruhusiwa kukuita kwa jina lingine, hata mama yako. Mwisho ulikaa kwenye kiti chake cha enzi, chenye mgongo mrefu, na yeye akakaa chini kwenye mkeka, na kanzu ile, miguuni pako.

Nilimwona akifanya hivyo kwa Zuhura, binti wa mfinyanzi, mtoto mwembamba aliyekuwa amelala kifudifudi miezi mizima akitazama kichuguu. Zuhura alikuwa akikivunja asubuhi, na mchwa wanakiziba kwa udongo mbichi, hata kiangazi ardhi imekauka kama kigae. Mbona yake ilikuwa: maji wanayatoa wapi? Alichimba. Alichimba mpaka watu wakasema binti huyu anatafuta mali iliyozikwa, wakaja nao wakachimba upande wa pili. Siku aliyoshinda, Fundi alikaa mkekani, akainua uso, akasema, "Sultani wa Mchwa, tufundishe." Alisema kama tunavyomwambia shehe, wala hakutuchungulia kwa pembe ya jicho kama wakubwa wanavyofanya wakicheza na watoto. Nilisimama pale na mdomo wangu huu usiokaa kimya, nikakosa hata neno. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mkubwa anataka kujua kitu kwa mtoto.

Tangu siku hiyo nikakitaka kile kilemba kuliko chakula.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa mzaha. Shule ya serikali nilikwenda mpaka nikajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu akasema imetosha, nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. (Fundi, nisamehe hiyo nadhani.) Mbona yangu ya kwanza ilikuwa roho ina uzito gani. Nilimpima kuku wa mama akiwa hai, nikamchinja, nikampima tena. Amepungua! Nikaenda mbio kutangaza kwamba nimepata uzito wa roho ya kuku. Wenzangu wakajigaragaza kwa kicheko, na mimi ndicho nilichokuwa nakitaka. Fundi hakucheka. Aliuliza, "Damu umeipima? Manyoya yaliyonyonyoka je?" Kisha akasema swali ni zuri mno, onyesha tena. Nikaenda kuonyesha tena. Mama aliposikia tena mizani na kuku katika sentensi moja, alinifukuza mpaka sokoni na mwiko.

Usinielewe kwamba Fundi alikuwa malaika. Mkononi alivaa hirizi, na Jumatano za mwisho wa mwezi hagusi mizani wala kwa dawa. Nilipomuuliza hiyo nayo ameionyesha mara ngapi, alisema ukubwani nitaelewa, na mpaka leo sijaelewa. Na bao! Mtu huyu ambaye hakuweza kusema uongo wa punje moja ya mtama, aliiba kete za bao mchana kweupe. Ukimshika mkono, anakwambia, "Bao ni mchezo, kijana. Mizani ni ahadi." Wadachi hakuwapenda hata chembe, na kodi yao na viboko vyao. Lakini siku walipoleta mizani mpya bomani, alisimama nje ya ukuta akiichungulia kama mtu aliyeonyeshwa bibi arusi wa mwenzake.

Mbona yangu ya kweli ilinijia msikitini. Taa zetu ni bilauri: maji chini, mafuta juu, utambi unaelea. Nilikuwa naongeza mafuta kila siku, na maji yale ya chini hayaongezwi, na hayapungui. Wakati maji ya kunywa ukiyaacha wazi, jua na upepo vinayamaliza. Mbona?

Fundi akanipa mizani nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Nikaweka bilauri mbili, moja kila upande, maji sawasawa. Ya kulia nikaitandikia mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo, juu, ya kushoto nikaiacha wazi na kuisawazisha kwa punje za mtama. Baada ya siku chache upande ulio wazi ukaanza kupanda juu, mwepesi. Nikawa naongeza punje za mtama hapo mpaka zilingane, ndiyo nijue kimeondoka kiasi gani. Fundi alikuja, akaisalimu mizani, akatazama. Kisha akasema, "Onyesha tena," lakini kwa sauti nyingine, ya chini. Nilionyesha tena. Nilikuwa naanza mara ya tatu vita vilipoingia.

Huko milimani kwa Wamatumbi watu waling'oa pamba ya lazima. Walikuwa wamechoka, na kila nyumba ilijua walichoka nini. Pakatokea dawa, watu wanasema ukiipata risasi ya Mdachi inageuka maji. Dawa hiyo ilikuwa maji, na mafuta ya mbarika, na mtama. Mimi sikujua. Mji mzima ulijua kasoro mimi, niliyekuwa nimekaa barazani, mbele ya njia, na maji na mafuta ya mbarika na mtama, na juu ya hayo naviweka kwenye mizani kama mtu anayeuza.

Mtoto wa kaka yake Fundi, kule Kikole, aliinywa dawa hiyo akaenda. Hakurudi. Mmoja wetu chamani akaanza kucheka habari ya risasi kugeuka maji, akasema mbona hawakuambiwa waonyeshe tena. Sijamwona Fundi amekasirika vile. "Usicheke," alisema. "Wale wameonyesha kwa miili yao. Wewe umewahi kuonyesha nini kwa mwili wako?"

Haikupita muda, askari wakapita barazani. Wa mbele alisimama, akatazama bilauri, akamwita mwenzake. Nilikuwa nafungua mdomo niseme kitu cha kuchekesha, Fundi akatoka ndani, akaweka mkono wake begani kwangu, mzito, akasema nyumba ni yake na vyombo ni vyake. Wakamchukua yeye na mizani. Mimi nikafuata mizani.

Bomani watu walikuwa wananyongwa kwa kukutwa na dawa hiyo, na miti ya kunyongea ilionekana toka uani. Mdachi mkubwa alimuuliza Fundi kwa kinywa cha karani. Fundi akajibu kwamba yale si dawa, ni jaribio la mtoto, na kwamba bwana asimwamini yeye, aiamini mizani: bilauri ziwekwe pale uani, mtoto aonyeshe tena. Upande ulio wazi utakuwa mwepesi, wenye mafuta hautakuwa. Karani alitafsiri huku anamtazama kama mwenda wazimu. Mdachi akafikiri, akasema mpaka Ijumaa. Ikiwa hivyo, atoke. Ikiwa sivyo, hakumalizia, aligeuza tu uso kuelekea kule kwenye miti.

Basi nikakaa uani juani na mizani yangu mezani, na askari mmoja mwenye masharubu makubwa ananilinda, au anazilinda bilauri nisizichezee. Fundi wakamfunga mnyororo na wafungwa wengine, wanabeba mawe. Kila akipita ananitupia jicho, na mimi namwonyesha kwa kidole: unapanda. Na kweli ulikuwa unapanda.

Mama, kwa huruma yake, akaniletea madafu. Jua kali, nikayanywa yote. Unajua yanakokwenda madafu. Nilijibana, nikajikunja, nikasoma kila sura ninayoijua. Mwisho nikatoka mbio nyuma ya ukuta.

Niliporudi, mizani ilikuwa imelala upande usio wake. Bilauri ya mafuta imebaki nusu, iko juu, nyepesi. Nikamtazama askari. Masharubu yake yalikuwa yanang'aa mafuta.

Hakunitisha. Alitazama bunduki yake, akasema polepole, "Keshokutwa napelekwa milimani." Basi, hayo tu.

Mnyororo ulipopita nikajifanya nachukua maji, nikamnong'oneza Fundi kwamba yule bwana ameinywa dawa ya watu anaokwenda kuwapiga.

"Umemwona akinywa?" akauliza, na jiwe begani.

"Nimeona masharubu."

"Masharubu si kuona. Amekwambia amekunywa?"

"Amesema anapelekwa milimani."

Akaliweka jiwe sawa begani. "Hilo la milimani ndilo ulilolisikia. Kunywa hukukuona, basi usikuseme. Naye anaogopa risasi kama mtoto wa kaka yangu."

Nikamwambia nitaijaza tu, maji kidogo, mafuta kidogo, nani atajua?

"Wewe utajua, na mimi, na yule askari," akasema. "Watu watatu, tayari ni baraza. Nenda kwa bwana. Mwambie ulichokiona, na kwamba imeharibika, tuanze upya."

"Fundi, akikataa?"

"Hilo bado hatujaliona."

Shingo ilikuwa yake. Nimelifikiri jambo hili njiani, shambani, kitandani. Mtu amefungwa mnyororo, miti ile iko pale, na anachokikataa ni maji ya kijiko.

Nikaenda. Mbele ya Mdachi, karani, na askari wote walioitwa kupanga safari ya milimani, yule wa masharubu akiwemo, nikasema: "Nilikwenda kukojoa. Niliporudi, maji yalikuwa yamepungua. Sikuona kilichoyapunguza. Jaribio limeharibika, tunaomba kuanza upya."

Karani akakohoa. Akatafsiri. Mdachi akauliza tena, kama hakusikia vizuri, ikabidi niseme tena, kwa sauti, na safari hii karani akaongeza na ishara ya mkono. Mdachi akacheka mpaka akashika meza. Askari wote wakacheka, kasoro mmoja. Nikapewa mpaka Ijumaa nyingine, na bwana akaamuru niletewe kopo, nisiwe na sababu ya kuondoka tena. Nikakaa na kopo lile miguuni, mchana kweupe, na kila anayepita anauliza hali yake. Jioni ile yule askari alikwenda chooni mara nyingi kuliko mimi, maana mafuta ya mbarika tumboni hayana siri, lakini yeye hakupewa jina. Kisha akaenda milimani. Sikumwona tena.

Ijumaa ya pili Mdachi alikuja mwenyewe. Upande ulio wazi ulikuwa juu kabisa. Akachukua punje za mtama, akaziweka moja moja kwa vidole vyake mpaka mizani ikalingana, akaitazama kwa muda mrefu, akamwashiria mwenye ufunguo.

Nilitegemea Fundi atacheka, au ataniinua. Alikwenda kwenye mizani, akaisalimu, akapapasa ulimi wa mizani, ule mshale wa katikati, kama umeumia. Akaibeba. Langoni akageuka kuwatazama waliobaki kwenye mnyororo. "Wale hawakuwa na cha kuonyesha," alisema. Mwaka ule hapakuwa na kilemba. Baada ya vita akahama, akaenda Kikole kwa kaka yake aliyefiwa, na Chama cha Mbona kikaisha kama ngoma iliyonyeshewa mvua.

Miaka ikapita, na njaa iliyofuata vita ikapita na watu wengi. Mimi nimeota ndevu, chache lakini zipo, na mwajiri wangu akanituma Kikole kununua ufuta. Nikauliza nyumba, nikapiga hodi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Macho yalikuwa yameingia ukungu. Akainua kichwa. "Sema tena." Nikasema tena. "Ni Bwana Mkojo," akamwambia mkewe, na yule bibi akacheka mpaka akakaa.

Kanzu sasa ilikuwa rangi ya vumbi, na mikono ya kulima. Lakini barazani palikuwa na mizani, na kuizunguka, watoto. Wengi. Mmoja alikuwa na mdudu ndani ya kifuu, mwingine ana fimbo yenye alama. Fundi akamwagiza mkewe kilemba. Kilikuja kimepauka, mistari haionekani vizuri, na njiani bibi akapata nafasi ya kutaja duka la kona.

Nikadhani kuna mtoto ameshinda. Akaniita mimi.

Nikasema, kwa mzaha wangu, kwamba mimi nilionyesha mara mbili tu, ya tatu iliharibika, na iliyofuata ni ya Mdachi.

"Wote waliniletea kilichofaulu," alisema, huku anapapasa kichwa changu atafute pa kuanzia. "Wewe ndiye uliyeniletea kilichoharibika, na shingo ilikuwa yangu." Akanifunga, mzunguko kwa mzunguko, taratibu. Akanisukuma kwenye kiti. Kisha yule mzee, kwa kushika ukuta, akashuka mpaka mkekani, akakaa miguuni pangu, watoto wote wakakaa naye.

"Shehe wa Bilauri," akasema, "tufundishe."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno ila mara moja, nikakosa kwa mara ya pili. Kisha nikaomba bilauri mbili, nikaanza.

Jioni alinisindikiza mpaka penye njia ya Kivinje, ameshika bega langu kwa ajili ya macho. Kulikuwa na jambo nililokaa nalo miaka yote ile, nikalitoa. Nikamuuliza: je, kama na ile ya pili, mbele ya Mdachi, nayo ingeharibika, ingekuwaje?

Alishangaa kidogo, kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Ungekuja kuniambia," akasema.